Kitambaa Chekundu Mdomoni mwa Kichuguu

Mama yangu Etelvina aliponifia aliniachia kikaango cha udongo na neno moja kuhusu sisimizi. Ulimi mkali sikurithi kwake, huu ni wangu mwenyewe. Neno lake lilikuwa hili: asiyekuuma, usimle. Malkia wa sisimizi akitoka ardhini na mabawa yake hatoki peke yake, hutoka na walinzi, na walinzi wale wana taya za kukata ngozi ya kiatu. Huwezi kuchuma malkia kumi usitoke damu. Ndiyo maana mwezi wa nne ukiisha utawaona wanawake wa kitongoji chetu kanisani wana vidole vilivyofungwa vitambaa, na kila mmoja anatupia jicho vidole vya mwenzake ajue nani kachuma wengi.

Mwaka huu mikono yangu ilikuwa safi kama ya mke wa daktari. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini.

Kichuguu ninachokisema kiko mpakani, kati ya shamba langu na la jirani yangu Custodio. Alikigundua baba yangu wakati binti yangu Yolima anajifunza kutembea, na tangu hapo tukakiita cha babu. Baba alichuma na Custodio wakati huo, mmoja ameshika ndoo, mwingine anadaka, na walipomaliza waligawana sawa kwa sawa juu ya ukuta wa mawe. Custodio huyo huyo ndiye aliyemshika Yolima siku ya ubatizo. Tulikuwa watu wa kuombana chumvi.

Halafu miaka kumi na moja iliyopita sisimizi wenyewe wakatugombanisha. Wakafunga mdomo wa upande wangu, wakafungua mwingine upande wa Custodio, hatua nne tu kutoka ukutani. Custodio akasema sasa kichuguu ni chake. Nikamkuta mlangoni mwa kanisa siku ya Pasaka, watu wamejaa, nikamuuliza, "Kwa hiyo ng'ombe wangu akiingiza kichwa shambani kwako, maziwa yanakuwa yako?"

Akavua kofia, akajikuna, akasema, "Maziwa hayatoki kichwani, mama Yolima."

Watu wakacheka mpaka padri akatoka nje kuuliza kuna nini. Kicheko kile sikukisamehe. Nilimwambia mbele ya wote kwamba kuanzia siku hiyo asikanyage kwangu, na kweli hakukanyaga. Lakini kila mwaka, sisimizi wakiruka, alichuma na kuniwekea ndoo moja iliyojaa juu ya ukuta, bila neno. Na kila mwaka mimi niliiacha pale pale mpaka kuku wakaimaliza. Halafu nikashuka bondeni, kwenye vichuguu vya wote, kugombania malkia na watoto wa shule. Ndivyo nilivyo. Nikikasirika, nakasirika na tumbo langu pia.

Sasa mwaka huu Yolima alinipigia simu kutoka mjini San Gil, wiki mbili baada ya Pasaka. Ana mimba ya miezi sita. Wengine wawili waliotangulia walimtoka, mmoja mwezi wa tatu, mwingine wa nne, na yule wa pili nilimshika mwenyewe kwenye taulo. Kwa hiyo mimba hii kwetu haitajwi kwa sauti. Mumewe yuko barabarani na lori, hurudi mara moja kwa wiki mbili. Binti yangu halali vizuri, hali vizuri.

"Mama," akasema, "mtoto anataka makalio."

Ndivyo tunavyowaita malkia, kwa sababu ya lile tumbo la nyuma, nene, linalong'aa kama punje ya kahawa.

"Mtoto au wewe?"

"Mtoto. Mimi ni tarishi tu." Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Krismasi. "Wa kichuguu cha babu, mama. Wa bondeni hawana ladha."

Nikasema nitamletea. Ningemwambia nini? Nilijipa moyo kwamba mwaka huu nitachukua ile ndoo ya ukutani, nitameza kiburi, na wala hakuna atakayeniona. Nikaenda mpakani kutazama kama mdomo umeanza kupanuka. Nikakuta kijiti kimesimikwa pembeni yake, na juu ya kijiti kitambaa chekundu.

Lo! Damu ilinipanda.

Kwetu kitambaa kwenye kijiti kina maana moja, hata mlevi anaijua: hapa pana mwenyewe, usiguse. Wenye vichuguu vya porini huweka ili wapita njia wasiwatangulie. Lakini jirani kumwekea jirani? Custodio hajawahi kuweka kitambaa pale, maisha yake yote. Nikajua amechoka kunigawia. Mwaka ambao nimeamua kushusha shingo, ndio mwaka anaoniwekea kitambaa usoni. Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu, nikamwaga hata maji ya kahawa.

Ijumaa sisimizi wakaruka. Usiku mvua ilikuwa imepiga vizuri, asubuhi jua likatoka kali, lile jua linalofanya udongo mwekundu utoe moshi. Saa tatu nikasikia kengele ya shule ikigongwa nje ya wakati, mwalimu amewaachia watoto, kwa sababu siku hiyo hata ukiwafunga watapitia dirishani. Kila mtu akakimbilia kwake na ndoo. Mimi nikakimbilia ukutani. Gari la Custodio halikuwapo. Nikasema, tazama dharau hii, anajiamini na kitambaa chake mpaka ameenda sokoni!

Nikavaa mabuti ya mpira, nikafunga suruali ya marehemu mume wangu kwenye vifundo vya miguu, nikaruka ukuta. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nane.

Malkia walikuwa wakitoka, lakini walitoka taratibu, kama watu wanaotoka misani baada ya mahubiri marefu. Wengine walifika mdomoni wakasimama tu, mabawa yamelala. Kwa kawaida unamdaka kabla hajaruka, unagombana na upepo. Hawa niliwaokota kama maharage. Na walinzi? Walinzi niliwaona pembeni, wengi wao wamelala chali. Mmoja alinipanda kidoleni, akafungua taya, hakuuma. Akaanguka mwenyewe.

Nilimsikia mama yangu wakati huo. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilimsikia: asiyekuuma, usimle. Nikamjibu kwa sauti, "Mama, nyamaza, leo nina bahati." Nilikuwa na furaha mbaya, ile ya mtu anayelipiza. Nilijaza ndoo kwa nusu saa, nikaacha kijiti na kitambaa chake vimesimama vile vile, ili Custodio akirudi akute kitambaa kinalinda shimo tupu.

Nikawatoa mabawa na miguu na vichwa, nikawaloweka maji ya chumvi, nikawakaanga kwenye kikaango cha mama mpaka wakaanza kulia ta-ta-ta. Nilionja kiganja kimoja, kama kila mpishi. Kulikuwa na uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Nikasema ni chumvi imezidi. Usiku kichwa kiliniuma na mate yakanijaa mdomoni, nikasema ni jua. Mtu anayetaka kujidanganya hakosi maneno.

Jumamosi nikapanda basi la kwanza kwenda San Gil, kibuyu mapajani. Yolima alifungua mlango akiwa ameshika kiuno, tumbo mbele, uso umejaa. Nilimmiminia sisimizi kwenye bakuli, nikasimama kumtazama. Alinishika mikono kwanza. Akaitazama, akaigeuza, akatazama viganja. Nikadhani ananishukuru.

"Kula basi," nikamwambia. "Wa kichuguu cha babu hao. Kula, nikuone."

Akachukua mmoja, akamtafuna polepole. Akachukua wa pili. Akasema ni watamu. Mimi nikajiona nimemaliza kazi yangu duniani, nikamwachia kibuyu, nikawahi basi la saa sita.

Jumapili mchana nilikuwa nakanda unga wa mahindi nikasikia mtu anaita kutoka ukutani. "Mama Yolima! Mama Yolima, uko?" Miaka kumi na moja sijaisikia sauti ile ikiniita. Nikatoka na unga mikononi. Custodio alikuwa amesimama upande wake, kofia mkononi, uso umempauka.

"Samahani kwa usumbufu," akasema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Umemwona mtu yeyote kwenye mdomo ule?"

"Mimi? Mimi na kichuguu chako wapi na wapi?"

"Kuna nyayo za mabuti. Na mabawa yamemwagika chini." Akameza mate. "Nilitia dawa ya wadudu pale, mama Yolima. Ya unga. Siku nane kabla hawajaruka. Walikuwa wamenimalizia miche yote ya ndimu, kwa usiku tatu tu, hawakuacha jani. Nilichoka. Nikaweka kitambaa ili mtu asiguse."

Unga ulikuwa unanikauka vidoleni.

"Kitambaa hakiguswi," akaendelea, kama anayejitetea mbele ya hakimu. "Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyegusa penye kitambaa. Nilisema hiyo inatosha."

"Hukuja kuniambia," nikasema.

"Ningekuja, ungenifungulia mlango?"

Nisingemfungulia. Tulijua wote wawili.

"Basi si wewe," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka. "Mungu ni mwema. Watakuwa vijana wa bondeni. Ngoja nipite nyumba kwa nyumba niwaambie wasile." Akavaa kofia, akaondoka mbiombio, mzee wa miaka sitini na saba na goti lake bovu, kwenda kuwatafuta wezi ambao hawakuwapo.

Na mimi nikamwacha aende. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho, kuliko hata wizi. Nilimwona anapotea nyuma ya migomba na sikufungua mdomo.

Nilikimbilia simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikaita. Nilipiga mara tisa, unga umejaa kwenye simu, nikimwomba Maria na watakatifu wote ninaowajua na wengine nisiowajua. Jumapili hakuna basi baada ya saa nane. Gari lilikuwa moja tu karibu, na lilikuwa la Custodio. Nikajiambia labda hakula zaidi ya wale wawili. Labda moto umeua dawa. Mimi si nimekula na ni mzima? Halafu nikakumbuka kichwa, na yale mate, na taulo la mwaka juzi. Miguu ikaanza kukimbia kabla sijaiambia.

Nilimkuta kwenye uwanja wa mchezo wa tejo, wanaume wote wa kitongoji wako pale na chupa zao za bia, wanarusha vile vyuma kwenye udongo. Custodio alikuwa amesimama katikati anaeleza habari ya dawa, nao wanamtania.

"Wezi hao waache wale," mmoja akasema, "watajifunza adabu chooni!"

Wakacheka. Kile kile kicheko cha mlangoni mwa kanisa.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakunisikia. Nikapaza sauti. "Custodio! Ni mimi. Nimechuma mimi. Nilikiona kitambaa, nikaruka ukuta, nikaiba. Nimempelekea Yolima."

Chuma cha mtu kilianguka chini, hakuna aliyekiokota. Custodio alinitazama, nikajiandaa kupokea lolote, hata kofi. Aligeuka akaanza kukimbia kwenda kwenye gari, anaburuta goti, na mimi nyuma yake. Njiani alisimama nyumbani kwake nusu dakika, akarudi na kopo la ile dawa, akaniwekea mapajani.

"Daktari atataka kujua ni dawa gani," akasema. Ndilo neno pekee alilosema mpaka San Gil. Afadhali angenitukana. Kila kona ya barabara nilipiga simu na kila kona haikupokelewa.

Yolima alitufungulia mlango na nywele zimelowa. Alikuwa anaoga, simu iko jikoni. Akamwona Custodio, akafungua mdomo kwa mshangao. "Baba wa ubatizo! Kuna mtu amekufa?"

"Wale sisimizi," nikasema. "Umekula wangapi?"

Kibuyu kilikuwa juu ya meza. Nilikinyanyua. Kilikuwa kizito, karibu kama nilivyokileta.

"Watatu," akasema. "Wawili ulipokuwepo, na mmoja nilipokuwa nakusindikiza mlangoni kwa sababu uligeuka kutazama."

"Watatu tu? Na wengine?"

"Sikuwala." Akainamisha uso. "Nilitazama mikono yako, mama. Haikuwa na hata mchubuko. Bibi alisema nini? Nikajua kuna kitu. Nikasema labda umewanunua kwa mtu, labda wamelala, sijui."

"Ulijua! Ulijua na ukala?"

"Ulikuwa umesimama unanitazama," akasema. "Ulikuwa na furaha, mama. Ningefanyaje?"

Mimi ni mtu wa kujibu. Waulize watu wa kitongoji, sijawahi kukosa jibu. Siku ile nilikaa chini sakafuni.

Custodio ndiye aliyemshika mkono akamwingiza garini.

Hospitalini, nesi kijana alitupokea. Akalisoma kopo mbele na nyuma, uso wake ukabadilika, akaita mwenzake. Akauliza sisimizi wametoka wapi. Nikasema, "Kwenye kichuguu cha huyu bwana. Niliwaiba." Mara ya pili haikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Akauliza huyu bwana ni nani kwa mgonjwa, kwa sababu ndani anaruhusiwa ndugu tu.

"Ni baba yake wa ubatizo," nikasema. "Mwacheni aingie."

Wakamlaza, wakamchukua damu, wakammulika macho. Halafu nesi akampaka mafuta tumboni na kuweka kile kidude cha kusikilizia. Kwanza kulikuwa na sauti ya upepo tu. Akakisogeza. Upepo. Akakisogeza tena, na nikaona paji la uso wake limekunjana. Mwaka juzi ilikuwa hivi hivi. Nilishika chuma cha kitanda. Nilisema moyoni, Bwana, nichukulie mikono hii, yote miwili, siihitaji.

Ndipo ukasikika. Dug-dug-dug-dug, haraka haraka, kama mwanambuzi kwenye changarawe. Custodio alijifunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika. Nesi alisema tusishangilie bado. Moyo ni mzuri sasa, lakini mama atalala hapa siku mbili, na kila wiki atakuja kupimwa mpaka ajifungue, na hakuna mtu anayeweza kutuahidi kitu. Nami wakanichoma sindano ya kuchukua damu, nikafurahi ilivyouma.

Yolima alinyoosha mkono, akachukua mkono wangu, akaugeuza kama alivyofanya Jumamosi. Ulikuwa na unga mkavu kwenye kucha.

"Mwakani," akasema, "mtoto akiwa na meno, utatuletea tena. Wa kichuguu cha babu. Lakini niletee waliokuuma."

Nikamtazama Custodio upande wa pili wa kitanda. Yeye ndiye aliyetia dawa, anajua, na mimi ndiye niliyewaona walinzi wamelala chali na malkia wa mwisho wakitoka wakijikokota. Pale chini hakijabaki kitu. Kichuguu kipya kikianza kesho, Yolima atakuwa na watoto wa shule kabla hakijatoa malkia hata mmoja.

"Nitakuletea," nikasema.

Ulikuwa uongo wangu wa pili siku ile. Custodio aliusikia, akatazama kofia yake, hakunisahihisha.